AI kwenye biashara ndogo: njia nne, na namna ya kuchagua inayokufaa

Mwenye biashara ndogo akianza kufikiria akili mnemba, au AI kama wengi tunavyoiita, huuliza kwanza, "Ipi ni nzuri?" ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot: majina ni mengi na kila moja lina wapambe wake. Swali hilo limenipotezea muda mwingi. Nilijaribu hii, nikahamia ile, nikarudi kwenye ya kwanza, na kazi zilizokuwa zikinielemea zikabaki palepale: jumbe za wateja zisizojibiwa, madeni yanayosubiri kufuatiliwa, maelezo ya bidhaa ambayo kila wiki nasema nitayaandika.

Nilianza kupata nafuu nilipojiuliza jambo lingine: AI ikikosea, nani ataliona kosa kwanza? Ni mimi, ni mfanyakazi wangu, au ni mteja?

Maana kukosea, itakosea. Programu hizi huandika kwa kukisia neno linalofaa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno ambayo zimefundishwa nayo. Zinapojua jambo huandika kwa ufasaha, na zinapobahatisha huandika kwa ufasaha uleule. Mfanyakazi mgeni asiyejua jambo utamtambua kwa kusitasita kwake. AI haisiti. Ndiyo sababu mahali unapoiweka ndani ya biashara lina uzito kuliko jina lake.

Mahali hapo, kwa jinsi ninavyoona, ni pa aina nne. Kuna msaidizi wa maongezi unayemfungulia kwenye simu au kompyuta na kumwandikia unachotaka. Kuna AI iliyomo ndani ya programu unazotumia tayari, kama barua pepe au Excel. Kuna roboti inayojibu wateja moja kwa moja. Na kuna modeli, yaani AI yenyewe iliyokwisha kufundishwa, unayoipakua na kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe.

## Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza nimeshakitaja: kosa litaonwa na nani kwanza.

Cha pili ni data. Unapobandika orodha ya wadaiwa kwenye kisanduku cha maongezi, orodha hiyo imesafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Inatunzwa kwa muda gani, nani anaweza kuisoma, na je, itatumika kufundishia modeli zijazo?

Cha tatu ni Kiswahili. Karibu kila anayelinganisha programu hizi huzipima kwa Kiingereza, na matokeo yake hayatuambii sana sisi ambao wateja wetu wanatuandikia "mambo vp, ile kitu ipo?"

Cha nne ni gharama, na hapa nahesabu dakika pamoja na fedha. Tuseme barua ya kudai malipo ukiandika mwenyewe inakuchukua dakika 12. Ukitumia AI, dakika 2 za kuielekeza na dakika 5 za kusoma na kurekebisha. Umeokoa 5. Wanaosema umeokoa zote 12 wamesahau kwamba kukagua ni kazi. Na zipo shughuli ambazo kukagua kunachukua muda mrefu kuliko kuzifanya. Kujumlisha ankara ni mojawapo, kwa sababu msaidizi wa maongezi anaweza kukosea hesabu ambayo kikokotoo cha kawaida hakiikosei, na utalazimika kuijumlisha upya ili kujiridhisha.

Cha tano ni kutoka. Ukichoka nayo baada ya mwaka, utaondoka na nini?

## Msaidizi wa maongezi

Hii ndiyo njia iliyowafikia wengi kwanza, tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Gemini ya Google na Claude ya Anthropic zinafanya kazi kwa mtindo huohuo: unaandika, inajibu, unarekebisha.

Kosa. Unaliona wewe, ilimradi usome. Hakuna kinachomfikia mteja bila kupita machoni pako, na hiyo ni faida kubwa kuliko zote za njia hii. Inapotea pale unapoanza kunakili na kutuma bila kusoma, na uchovu wa jioni hutufikisha wengi hapo.

Tofauti ya ubora hutoka kwenye maelekezo. Tuchukue mteja aliyelalamika. Ukiandika, "Niandikie ujumbe wa kumjibu mteja aliyelalamika," utapewa kitu kama hiki:

"Mpendwa Mteja, tunatumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa salama. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tunathamini maoni yako na tunakuhakikishia kwamba suala lako linafanyiwa kazi."

Sarufi haina kasoro, lakini hakuna kitu ndani. Mteja aliyeudhika akiusoma ataudhika zaidi, kwa kuwa anaona hujamsikiliza. Sasa yaandike maelekezo kama unavyomtuma mtu mwenye akili ambaye hajui chochote kuhusu jambo lenyewe:

"Mteja aliagiza mikoba 12, imefika 11, na mmoja kati ya hiyo zipu yake ni mbovu. Amenunua kwetu miaka mitatu. Jumatano tutampelekea miwili bila malipo. Andika ujumbe wa WhatsApp usiozidi sentensi nne. Mwite dada, ndivyo tulivyozoeana. Usiahidi chochote ambacho sijakitaja."

Jibu likaja hivi: "Habari za leo dada. Tumehesabu na kweli mkoba mmoja ulipungua, na huo wenye zipu mbovu ni kosa letu kwa kutoukagua. Jumatano tunakuletea miwili, hutalipia chochote. Huo mbovu utampa atakayeleta."

Huu unatumika. Lakini itazame tena sentensi ya mwisho. Hakuna mahali niliposema mkoba mbovu urudishwe. AI imejaza pengo kwa jambo linaloingia akilini, na pengine ndilo ningelifanya, ila sikuwa nimeliamua. Makosa mengi ya njia hii yako hivyo: madogo, ya kuaminika, yaliyojificha ndani ya sentensi nzuri. Ukiwa na mazoea ya kujiuliza "hili nililisema mimi?" kwenye kila ahadi, kila tarehe na kila namba, utayakamata.

Data. Hapa soma kwa makini. Akaunti nyingi za mtu binafsi, hasa za bure, huweza kutumia maongezi yako kuboreshea modeli mpaka uzime kwenye mipangilio. Akaunti za kibiashara za kulipia kwa kawaida hazifanyi hivyo. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya baadhi yao kubandika msimbo wa ndani wa kampuni (maandishi ya kutengenezea programu zake) kwenye ChatGPT. Ikiwa kampuni kubwa yenye idara nzima ya usalama wa mitandao iliteleza, mimi na wewe tuna kila sababu ya kujiwekea kanuni: majina yawe "Mteja A" na "Mteja B", namba za simu zitoke, namba za akaunti zisiingie kabisa. Barua itaandikika vilevile.

Kiswahili. Programu kubwa zinaandika Kiswahili cha kueleweka, lakini mara nyingi ni Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kiingereza. "Tunatumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa salama." "Usisite kuwasiliana nasi." "Bidhaa hii iko nje ya hisa," wakati sisi tunasema imeisha. Dawa iliyonisaidia ni kuipa mifano. Chukua jumbe zako tano ulizowahi kuwaandikia wateja, ondoa majina, zibandike mwanzoni, kisha sema, "Andika kwa namna hii." Lugha inabadilika papo hapo, kwa sababu inaiga kilicho mbele yake.

Gharama. Za bure zina kikomo. Ukishatuma jumbe kadhaa unaambiwa usubiri au unashushwa kwenye modeli ndogo. Ukiona unagonga kikomo hicho kila wiki kwa kazi halisi, hapo ndipo kulipia kuna maana. Kabla ya hapo unalipia hamu.

Kutoka. Rahisi. Maelekezo mazuri uliyoyatunga yaweke kwenye faili lako mwenyewe, na utaweza kuyabandika kwenye programu yoyote kesho.

Inamfaa nani. Aliye peke yake au na wenzake wachache, ambaye kazi yake ina kuandika kwingi, na anayekubali kusoma kila kitu kabla hakijatoka.

## AI iliyomo ndani ya programu unazotumia

Google imeiweka Gemini ndani ya Gmail na Docs, Microsoft imeiweka Copilot ndani ya Word, Excel na Outlook, na programu nyingi za uhasibu na usanifu zimefuata. Mvuto wake ni kwamba huhami. Barua imefunguka, unabofya, inakufupishia mlolongo wa jumbe 30 na kupendekeza jibu.

Kosa. Bado unaliona wewe kwanza, lakini kwa jicho lililolegea. Kitu kikitokea ndani ya jedwali letu la mauzo tunakiamini kuliko kikitokea kwenye dirisha la maongezi, ingawa mashine ni ileile. Upande wa hesabu kuna njia nzuri: usiiombe jibu, iombe fomula. Ukiiuliza "jumla ya madeni yaliyopita siku 30 ni ngapi?" utapewa namba ambayo huwezi kujua imetoka wapi. Ukiomba fomula ya kuyajumlisha, utaiona, utaijaribu kwenye safu tatu unazojua majibu yake, na kuanzia hapo Excel ndiyo inayokokotoa.

Data. Data zako tayari ziko kwa kampuni hiyo, kwa hiyo hatari ya nje haiongezeki sana. Hatari mpya iko ndani ya nyumba. AI hizi husoma kila faili ambalo mtumiaji ana ruhusa nalo, na biashara ndogo nyingi hugawa ruhusa ovyo: folda moja, kila mtu ndani. Zamani faili la mishahara lililojificha kwenye folda ya nne ndani ya folda ya tatu lilikuwa salama kwa sababu hakuna aliyelitafuta. Sasa mfanyakazi akiuliza "tunatumia kiasi gani kwa watu?" linaweza kuletwa juu kwa sekunde moja. Pitia ruhusa kabla hujaiwasha, na hili sishauri lifanywe baadaye.

Kiswahili. Hapa kinakatisha tamaa zaidi kuliko kwenye maongezi. Programu inaweza kuelewa Kiswahili kwenye barua lakini kipengele cha kufupisha mkutano kisikubali. Jaribu kipengele kimojakimoja unachokitaka wakati wa majaribio ya bure.

Gharama. Kwa kawaida hulipwa kwa kila mtu kila mwezi. Watu sita ni mara sita, hata kama wanne hawaigusi.

Kutoka. Vigumu kidogo. Huondoki kwenye AI peke yake, kwa kuwa imeshonwa pamoja na barua pepe, mafaili na kalenda.

Inamfaa nani. Ofisi ndogo ambayo tayari kazi zake zote ziko ndani ya mfumo mmoja, na ambayo ina mtu wa kusimamia ruhusa.

## Roboti inayojibu wateja

Hapa jibu la swali langu la kwanza linabadilika kabisa. Kosa linaonwa na mteja, nawe utalijua akilalamika, au hutalijua kamwe kwa sababu amenyamaza na kwenda kwingine.

Kosa. Kisa cha Air Canada kinaeleza hali hii vizuri. Novemba 2022 abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza roboti ya tovuti ya kampuni hiyo kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa. Roboti ikamwambia anaweza kununua tiketi kwanza na kuomba punguzo ndani ya siku 90. Utaratibu halisi wa kampuni haukuruhusu hivyo, na alipodai alikataliwa. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Februari 2024 baraza la kutatua migogoro la British Columbia, Kanada, likaukataa utetezi huo, likasema kampuni inawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, na kuamuru abiria alipwe jumla ya dola 812 za Kanada. Kiasi hicho si kitu kwa shirika la ndege. Lakini hoja yenyewe inatugusa sote: kinachosemwa na roboti yako umekisema wewe.

Ukiamua kuiweka, ifunge kwenye majibu uliyoyaandika mwenyewe: saa za kazi, namna ya kuagiza, namna ya kurudisha bidhaa. Bei, punguzo na ahadi za kufikisha mzigo ziwe kazi ya mtu. Na njia ya kumfikia mtu iwe fupi. Mteja akiandika "nataka kuongea na mtu" mara moja, inatosha.

Kipimo changu kabla ya kuiruhusu ni hiki. Chukua maswali 20 ambayo wateja waliwahi kuuliza kweli, kwa tahajia zao zilezile. Ongeza matano ambayo jibu lake halimo kwenye taarifa ulizoipa. Kwa yale matano jibu sahihi ni moja tu: "Sina taarifa hiyo, subiri nikuunganishe na mhudumu." Ikitunga hata moja, haijawa tayari.

Data. Wateja watakuandikia humo mambo ambayo hukuyaomba: magonjwa, namba za vitambulisho, ugomvi wa nyumbani. Unakuwa mtunzaji wa siri hizo, na nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi zinazokubana hata kama una wafanyakazi wawili. Waambie wateja wazi kwamba wanaongea na mashine. Ni uungwana, na katika baadhi ya nchi ni sheria.

Kiswahili. Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, na mfano unaoniuma ni saa. Mteja anaandika, "Nitapita saa nane mchana." Kila Mswahili anajua hiyo ni saa nane baada ya jua kuchomoza saa kumi na mbili, yaani 14:00. Roboti niliyoijaribu iliweka miadi 20:00 na kumshukuru mteja kwa adabu zote. Ingekuwa kazini, mteja angefika mchana akakuta hakuna anayemsubiri, na ratiba ingeonyesha kila kitu kiko sawa. Weka maelekezo kwamba saa zote zinahesabiwa kwa Kiswahili, kisha ifanye irudie muda kwa namna zote mbili kabla ya kuthibitisha: "saa nane mchana, yaani 14:00, ni sawa?" Ijaribu pia kwa lugha ya mtaani, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, na kwa neno moja tu kama "bei?"

Gharama. Roboti nyingi hulipiwa kwa kiasi cha maandishi, na maandishi hupimwa kwa vipande viitwavyo tokeni. Modeli zimejifunza zaidi Kiingereza, hivyo neno la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja, wakati neno kama "hatutakurudishia" hukatwa vipande kadhaa. Mazungumzo yenye maana ileile hugharimu zaidi kwa Kiswahili. Muuzaji akikupa makadirio, muulize yamepimwa kwa lugha gani.

Pia kuna jambo ambalo wauzaji wa roboti hawalisemi sana. WhatsApp Business, inayopatikana tangu 2018, ina majibu ya haraka, ujumbe wa kukaribisha na ujumbe wa nje ya saa za kazi. Hayo hayahitaji AI, hakuna kutunga, na ni bure. Biashara nyingi ndogo zinazodhani zinahitaji roboti zina maswali manne yanayojirudia, na maswali manne yanatoshwa na majibu manne yaliyoandikwa vizuri mara moja.

Ipo pia njia ya katikati: AI ipendekeze jibu, mtu alitume. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwafuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 waliopewa msaidizi wa namna hii. Kwa wastani idadi ya matatizo waliyotatua kwa saa ilipanda kwa asilimia 14, na kwa wapya wasio na uzoefu ilipanda kwa asilimia 34. Wazoefu hawakunufaika sana. Kwa mwenye biashara anayeajiri kijana mpya na kumweka kwenye simu ya wateja, hiyo ni habari ya kufikiria kuliko roboti inayojibu peke yake.

Kutoka. Inategemea maswali na majibu umeyahifadhi wapi. Yakiwa kwenye faili lako, unahama. Ukiyajenga ndani ya mfumo wa muuzaji kwa kubofya visanduku, utaanza upya.

Inamfaa nani. Biashara yenye jumbe nyingi zinazofanana, hasa usiku, na yenye mtu wa kusoma mazungumzo ya jana kila asubuhi. Bila mtu huyo, mimi nisingeiwasha.

## Modeli kwenye kompyuta yako

Kampuni kadhaa, zikiwemo Meta ya Marekani na Mistral ya Ufaransa, zimetoa modeli ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua. Programu kama Ollama na LM Studio huziendesha kwenye kompyuta ya kawaida, na baada ya kupakua huhitaji hata intaneti.

Kosa. Unaliona wewe, kama kwenye msaidizi wa maongezi. Tegemea makosa mengi zaidi, kwa sababu modeli hizi ni ndogo.

Data. Haitoki kwenye chumba chako. Kwa sababu hii peke yake kuna watu ambao njia hii ndiyo yao.

Kiswahili. Dhaifu. Modeli ndogo hutunga maneno, huchanganya ngeli, na wakati mwingine hurukia Kiingereza katikati ya sentensi. Kwa kufupisha au kupanga maandishi yaliyopo inajitahidi. Kwa kuandika barua ya kumtumia mteja utakuwa unaandika upya.

Gharama. Hakuna malipo ya mwezi, ila kompyuta lazima iwe na uwezo. Modeli yenye vigezo bilioni 8 (hapa vigezo ni namba za ndani zinazobeba ilichojifunza), iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo ili iwe nyepesi, inachukua kama gigabaiti 4 hadi 5 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kompyuta yenye gigabaiti 16 inaibeba na kuacha nafasi kwa mambo mengine. Yenye 8 itaibeba huku ikihema. Na kuna saa za kusakinisha na kusasisha, ambazo ni zako au za fundi wako.

Kutoka. Unaifuta.

Inamfaa nani. Mwenye nyaraka nyeti na mwenye mkono wa ufundi, au anayefanya kazi mahali ambapo intaneti haitabiriki.

## Kwa hali yako

Kama uko peke yako na hujawahi kutumia AI kazini, fungua akaunti ya bure ya msaidizi wa maongezi na uipe kazi moja tu kwa wiki mbili. Moja kweli. Iwe inayojirudia, ya kuandika, na ambayo kosa lake halimuumizi mtu: maelezo ya bidhaa, au ujumbe wa kukumbushia malipo. Pima dakika kwa saa ya simu yako, pamoja na za kukagua.

Ukiwa na wafanyakazi wachache na mafaili yote yako mfumo mmoja, AI iliyomo ndani ya mfumo huo inastahili kujaribiwa, baada ya kusafisha ruhusa. Lipia mtu mmoja kwanza, yule anayeandika sana. Andika pia kanuni za nusu ukurasa kuhusu kisichobandikwa popote. Usipoziandika, wafanyakazi watatumia akaunti zao binafsi kwenye simu zao na hutajua.

Jumbe za wateja zikikuzidi, hesabu za wiki moja kabla ya kununua chochote. Maswali yakiwa manne au matano, andika majibu ya haraka. Yakiwa mengi na tofauti lakini una mhudumu, mpe msaidizi wa kumpendekezea majibu. Roboti inayojibu peke yake iache kwa hali ambayo hakuna mtu usiku, majibu yanajulikana, na yale maswali 25 ya kipimo imeyapita yote.

Kama kazi yako ni ya wagonjwa, kesi, mishahara ya watu au siri za wateja, uchaguzi wako ni kati ya modeli kwenye kompyuta yako na akaunti ya kibiashara yenye mkataba unaosema data zako hazitumiki kufundishia. Kwa Kiswahili kizuri, ya pili itakufaa zaidi. Kwa usiri kamili, ya kwanza. Mkataba huo usome kabla hujabandika faili la kwanza, au mpe mwanasheria akusomee.

Na kama tayari unalipia programu mbili tatu za AI na hujui kama zinakusaidia, chukua karatasi, andika jina la kila moja, na mbele yake andika kazi iliyokufanyia wiki iliyopita na nani aliyeikagua. Itakayobaki na mstari mtupu, ikatishe malipo kabla ya mwezi kuisha.